Mpangaji wa Antigua

Ua wa nyumba ile ulikuwa umelowa, na nyumba yenyewe ilikuwa ya kadibodi.

Kuluthumu alipitisha kidole. Maji kweli. Mumewe, Abdulkarim, aliyekuwa akisomea usanifu majengo hapo Minneapolis, alikuwa akijenga mezani mfano wa Antigua, mji wa Wahispania kule Guatemala: uwanja katikati, kanisa pembeni, mitaa iliyonyooka kama imepigwa rula, kuta nene na fupi kwa hofu ya matetemeko. Nyumba zake ziliipa barabara kisogo na kutazama ua wa ndani, sawa na za kwao Pangani.

"Tetemeko la 1773 lilipoubomoa, serikali iliamuru watu wahame," Abdulkarim alipenda kusimulia. "Wengine waligoma. Wakabaki na magofu yao."

Kuluthumu aliwaelewa sana. Mwezi wa sita mume angemaliza masomo, warudi nyumbani, wamwache Rukia wao, mtoto wa miaka minne, kaburini huku ugenini. Tangu mazishi hakuna aliyemwita tena Mama Rukia. Walimwita Kuluthumu, kwa upole, na upole huo ndio uliomuua.

Jioni moja theluji ikidondoka, alisikia kikohozi mezani. Kisha harufu ya dawa ya kifua aliyokuwa akimpaka mwanawe ikapanda kutoka kwenye vipaa vyekundu vya mfano ule, ikajaa sebuleni, ikamfuata jikoni, ikamganda kwenye nywele na khanga, mpaka akajikuta amepiga magoti, sikio mlangoni pa nyumba isiyozidi kiberiti kwa ukubwa, akiomba asisikie na akiomba asikie.

"Mama, nifungulie. Baridi."

Abdulkarim aliporudi, naye aliisikia sauti ile. Jumamosi mchana akamleta Maalim Mbaruku, mtu wa Tanga aliyefanya kazi ghalani Shakopee, mji wa jirani.

Maalim alitazama meza, akasonya. "Umejenga, umepaua, hukufukiza ubani wala kusoma dua. Ulidhani itakaa tupu?"

"Maalim, ni kadibodi! Ni project ya shule!"

"Nyumba ni nyumba." Akaweka ubani kwenye kaa la moto, akamnong'oneza Kuluthumu, "Huyu si mwanao. Ameiba sauti tu. Mkane kwa kinywa chako, atatoka. Ukimkubali, mimi sina uwezo tena."

Kikohozi kikaanza.

"Sema, mke wangu," Abdulkarim alisihi, machozi yakimtoka. "Sema, twende zetu nyumbani."

"Najua si Rukia," Kuluthumu alisema. "Nilimwosha kwa mikono hii. Najua." Akainama mpaka midomo ikagusa paa. "Lakini nikimkana huyu, nani ataniita mama?"

"Kuluthumu!"

"Ni wangu," alisema, akaufungua ule mlango kwa ukucha.

Maalim aliuzima moto wake, akavaa viatu bila kuaga.

Mikono miwili midogo, ya baridi, ikamzunguka Kuluthumu shingoni, ikakaza. Akaipapasa.

"Taratibu, mwanangu," alisema kwa shida. "Taratibu."