Sidii ya Mama

Kila asubuhi Talata aliamka, akafagia kiwanja, akateka maji kisimani, kisha akampikia mama yake uji wa uwele. Tangu mavuno, mama huyo, Atampoka, hakuweza kuinama bila kushika kichwa. Mara nyingine alimwita Talata kwa jina la dada yake aliyefariki.

Kisha walimpeleka hospitali kubwa ya mji wa Tamale, akapigwa picha za kichwa. Picha zenyewe zilitiwa kwenye sidii, sidii ikatiwa ndani ya bahasha. "Wewe ndiye msomi wetu," mama alimwambia Talata. "Itunze mpaka siku ya daktari. Usiifungue."

Aliifungua. Alitaka tu kuona rangi zinazometameta. Sidii ikamponyoka, ikaangukia bakuli la mafuta mazito ya shea, ya kujipaka. Akaifuta haraka kwa sketi yake, akairudisha kwenye bahasha. Hakumwambia mtu.

Siku ya daktari ilipofika, upepo wa jangwani ulikuwa umeufunika mji wao wa Bolgatanga kwa vumbi. Katika hospitali ndogo ya mtaani kwao, Daktari Nyaaba aliitia sidii kwenye kompyuta. Mashine ikakoroma, ikanyamaza. Akaitia tena. Kimya.

Aliitwa fundi Awuni.

"Hii mashine imekula vumbi kuliko mbuzi wa sokoni," alisema Awuni. Akatia sidii yake ya nyimbo, nayo haikusomeka. Akafungua mashine, akasafisha lenzi taratibu kwa pamba yenye spiriti, akaiacha ikauke. Kazi hiyo ilichukua saa nzima. Alipoijaribu tena sidii ya nyimbo, ngoma zikalia.

"Haya, leteni ya mgonjwa."

Ya mgonjwa haikusomeka.

Awuni aliiinua dirishani. "Ina ukungu. Nadhani waliirekodi vibaya huko Tamale. Rudini wawatolee nyingine."

"Turudi Tamale?" Shangazi Lariba, aliyewasindikiza, alishtuka. "Mgonjwa mwenyewe humwoni?"

Mama alikuwa amelala kwenye benchi, amefumba macho. Daktari aliitazama saa. "Gari la wagonjwa linaondoka saa nane kwenda hospitali kuu ya Kumasi. Bila picha, wapasuaji watamrudisha kwenye foleni. Sijui kama atasubiri."

Talata aliitazama bahasha tupu. Akisema, watu wote watajua. Asiposema, gari litaondoka.

"Si Tamale," alisema kwa sauti ndogo. "Ni mimi."

"Wewe umefanya nini?" shangazi aliuliza.

"Niliiangusha kwenye mafuta ya shea. Nikaifuta kwa sketi."

"Talata! Umekaa hapa tangu asubuhi, unatuangalia tu?"

"Shangazi, utamgombeza baadaye," Awuni alisema. "Mafuta, ee? Kumbe huu ukungu si ugonjwa. Lete maji ya vuguvugu na sabuni."

Aliiosha kwa vidole, akaikausha kwa kitambaa laini, akifuta kutoka katikati kwenda ukingoni. "Usizungushe kitambaa," alimwambia Talata. "Utaikwaruza."

Mashine ikakoroma kwa muda mrefu, ikasita, ikakoroma tena. Kisha picha ya kijivu ikatokea. Daktari Nyaaba aliikazia macho. Nyuma ya jicho la kushoto palikuwa na uvimbe kama punje ya karanga.

"Mpakieni garini," alisema hatimaye. "Sasa hivi."

Mama alipasuliwa, akarudi baada ya wiki saba. Kichwa hakikumuuma tena, na aliita kila mtu kwa jina lake. Lakini jicho la kushoto halikuona tena.

Talata alimwekea uji mbele yake, akashindwa kuinua uso. "Mama, ni kwa sababu nilichelewa kusema?"

"Hapana. Daktari alisema jicho lilikwishaharibika kabla ya siku ile." Mama aliushika mkono wake. "Ila nikuambie, mwanangu. Kuangusha kitu si dhambi. Hata mimi huangusha. Lakini fundi alifungua mashine na kutafuta kosa saa nzima, na aliyelijua alikuwa amekaa kando yake. Siku nyingine ukikosea, sema mapema, hata kama unaogopa. Nitakugombeza, ndiyo. Lakini nitakuwepo nikugombeze."

Talata alilia. Mama akamwacha alie, hakuuachia mkono wake.