Mtoto Aliyekua kwa Barua Pepe

Barua pepe ilimkuta Bi Pasi amekaa juu ya fungu la mashuka, amevua viatu, anapumzisha miguu. Ilisema: "Hongera, mama! Mtoto wako sasa anaanza kukaa mwenyewe. Mwekee mito pande zote asianguke." Chini yake kulikuwa na picha za mito, na bei.

Aliisoma, akaweka simu mfukoni, akarudi mezani. Jina la Bi Pasi alipewa na wenzake wa chumba cha kufulia cha hoteli, kwa sababu shuka likipita mikononi mwake hutoka limenyooka kama karatasi. Hata siku aliyorudi kazini baada ya maziko, mashuka yalinyooka. Mtoto alikuwa amezaliwa kimya. Hakulia, wala hakuwahi kupewa jina.

Duka lile la mtandaoni halikuwa na habari hizo. Alipokuwa mjamzito aliliandikia anwani yake ya barua pepe na tarehe ya kujifungua ili apate punguzo la kitanda cha mtoto, na kwenye kisanduku kidogo cha chini, kile kinachosema unakubali kuletewa matangazo na duka pamoja na "washirika wake", aliweka tiki bila kusoma, kama tunavyofanya wengi wetu. Tangu hapo barua hazikukatika, na mtoto wa kwenye barua akaendelea kukua.

Jioni alipofika nyumbani alikuta mito ya makochi imepangwa sakafuni kwa duara, na katikati pameachwa nafasi ndogo.

Alidhani ni mumewe. Mumewe, fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache, aliporudi aliitazama ile mito, akamtazama mkewe, akadhani ni yeye. Akaiokota mmoja mmoja, akairudisha mahali pake. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Walikuwa wamechoka kuulizana.

Juma lililofuata barua ilisema mtoto anaanza kutambaa. Kesho yake alfajiri Bi Pasi aliamshwa na harufu ya maziwa yaliyochacha, akadhani kuna chombo kimesahauliwa, akaenda jikoni akakuta vyombo vyote vikavu na safi, na akiwa bado amesimama pale akasikia kwenye vigae vya sebuleni pa, pa, pa, viganja vidogo vyenye unyevu, vinakwenda, vinasimama kama vinasikiliza, vinakwenda tena, mpaka vikafika mlango wa jikoni, vikaingia, vikatulia nyuma ya visigino vyake, naye hakugeuka, alishika ukingo wa sinki na kukazia macho bomba hadi kukapambazuka. Alipojitazama, gauni lake la kulalia lilikuwa limelowa kifuani. Maziwa yaliyokauka zamani yalikuwa yamerudi.

"Umesikia kitu?" alimuuliza mumewe wakinywa chai.

"Mabomba hayo. Nyumba ikizeeka hupiga kelele."

Lakini alilisema hilo akiwa amepandisha miguu yote miwili juu ya kiti.

Barua zikaongezeka. Nepi, unga wa uji, bima ya masomo, mpiga picha wa watoto. Makampuni ambayo hakuwahi hata kuyasikia. Duka lilikuwa limewagawia washirika anwani yake, na washirika nao walikuwa na washirika wao. Bi Pasi alizifungua moja baada ya nyingine, akitafuta ya kazini au ya dada yake, na mara nyingine hakuwa akitafuta chochote. Zilikuwa zinamsimulia mtoto wake amefikia wapi. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa akimsimulia hayo.

Kisha ikaja moja isiyo na jina la mtumaji. Kichwa chake kilisema: "Mama, mbona hunifungulii?"

Akaifungua. Ndani palikuwa peupe tu, na chini kabisa neno moja dogo: Jiondoe. Akalibonyeza haraka. Ukurasa ukafunguka. "Asante. Sasa tunajua upo."

Jioni hiyo hiyo, akikunja nguo chumbani, aliona shuka la kitanda linavutwa kwa chini, polepole, linakazwa, linalegea, linakazwa tena, kama linavyovutwa na mtu anayejifunza kusimama, na juu ya ukingo wa godoro pakatokea mbonyeo mmoja, kisha wa pili, mibonyeo ya vidole vifupi, na sauti ya pumzi nzito, ya kuridhika, iliyonuka maziwa.

Shangazi wa mumewe ndiye aliyemleta mganga, mwanamke wa makamo mwenye miwani na simu mbili mkobani. Mganga alisimama mlangoni, akanusa, akashusha sauti.

"Nani anamlea?"

"Kumlea nani?" Bi Pasi aliuliza.

"Huyu aliye chini ya meza. Usimtazame. Si mtoto wako, mwanangu. Mtoto wako kaenda zake, kapumzika. Huyu ni jini, alikuwa anapita. Akasikia mtoto anatajwa nyumba hii kutwa kucha, akaona kuna mama anafungua."

"Mimi sikumwita."

"Nipe simu."

Mganga alipekua barua zile huku akiguna. "Hata mimi hawaniachi," alisema. "Kila asubuhi wananiuzia dawa ya upara." Akagusa nywele zake nzito, akatikisa kichwa. "Sikiliza. Duka hili ni la watu wa kweli. Hawa ukibonyeza jiondoe, wanaacha. Waandikie pia wafute anwani yako, na uwaambie kwa nini."

Bi Pasi aliandika: Mtoto alifariki. Msiniandikie tena. Hakuwahi kuyaandika maneno hayo popote. Chini ya meza kitu kilinung'unika.

"Na hawa nisiowajua?"

"Hao usiwafungue. Barua zao zina vipicha visivyoonekana kwa macho, ukifungua tu wanajua umefungua. Ukibonyeza jiondoe, ndiyo umewaitikia. Watie kwenye barua taka hivyo hivyo walivyo, mashine ijifunze kuwazuia. Mwisho tuifunge anwani hii. Mpya wape watu wako na kazini tu. Ya madukani iwe nyingine, usiyoijali."

Mumewe alikuwa ameegemea mlango. "Na yeye ataenda wapi?" aliuliza.

"Alikotoka."

Fundi akatoka nje, asirudi mpaka kazi ilipokwisha.

Ilikuwa kazi ndefu. Mganga alisoma maneno yake kwa sauti ya chini, na Bi Pasi alizipeleka barua taka moja moja, huku kitu chenye joto kikitambaa kuzunguka kiti chake, kikiegemea mguu wake, kikishika pindo la gauni, kikivuta, kikiachia, kikivuta kwa nguvu zaidi, na kila kilipovuta, kifua cha Bi Pasi kilijaa mpaka kikauma. Alipobonyeza kuifunga ile anwani, pindo likaachiwa. Harufu ikaondoka. Maziwa yakakauka upya, na safari hii aliyalilia.

Nyumba ikatulia. Majuma yakapita, Bi Pasi akaanza kulala usingizi wa kawaida.

Siku moja mashine ya mvuke iliharibika hotelini, wakaruhusiwa mapema. Alimkuta mumewe chumbani mchana kweupe, amekaa kitandani na nguo za kazi, simu inawaka pembeni yake, mikono ameikunja mbele ya tumbo, anayumbayumba.

"Shii," fundi alinong'ona. "Ndiyo kwanza amelala."

Bi Pasi aliitazama ile simu. "Umefanya nini?"

"Nilijiandikisha pale dukani, siku ile ile mganga alipoondoka. Kwa anwani yangu. Nikaweka tarehe ile ile." Hakuinua macho. "Wewe ulikuwa unazisoma barua zote. Mimi sikuwa na chochote."

Alijua la kufanya. Duka ajiondoe, wasiojulikana kwenye taka, anwani ifungwe, na mganga aitwe tena. Alijua hata neno la kuanzia: nipe simu. Lakini alikuwa amesimama juu ya miguu yake tangu asubuhi, na mumewe alikuwa analia bila sauti, kwa mara ya kwanza tangu maziko. Akaketi kando yake, apumzike kidogo tu.

Godoro likabonyea katikati yao. Kisha uzito mdogo, wa joto, ukapanda mapajani mwake, ukajikunja, na vidole vifupi vikaanza kutafuta vifungo vya gauni lake.