Hadithi Isiyo na Karasha

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mageni alikuwa na kazi mbili. Alichota maji, kisha akafuta vumbi jeupe mezani, kwenye viti na juu ya picha ya marehemu mama yake. Vumbi hilo lilitoka kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, lililokuwa nyuma tu ya nyumba yao hapa Katoro. Lilianza kunguruma alfajiri na kunyamaza jua likizama. Watu wa mtaa ule walikwisha kulizoea, hata hawakujua kama wanalisikia.

Baba yake, mzee Bujiku, alifanya kazi kwenye karasha hilohilo. Hakuwa msemaji, ila akisema, aliwasema wakubwa. Siku mkewe alipozidiwa, mganga wa zahanati alikuwa semina, na dawa zilikuwa kwenye makaratasi tu. Tangu hapo, mtu akija na kalamu au kamera, Bujiku alimtazama kama nyoka aliyejificha kwenye kuni.

"Baba," Mageni alisema jioni moja, "Madam Loveness ametupa kazi ya fasihi. Tumrekodi mtu wa nyumbani akisimulia hadithi, tuchore picha, halafu tuweke vyote kwenye ukurasa wa darasa mtandaoni. Wanafunzi wa Kambarage, kule Shinyanga mjini, watasikiliza na kutuuliza maswali."

"Watasikiliza wao na nani mwingine?"

"Sijui, baba."

"Hujui! Mwaka juzi walikuja hapa kupiga nyumba picha, wakasema ni takwimu. Takwimu! Mwezi haukuisha, tukaona alama nyekundu ukutani, eti tuhame." Bujiku aliweka bakuli la uji chini. "Sauti ya nyumba hii haitoki. Nikisikia imetoka, hilo darasa la saba utalimalizia Ushirombo kwa shangazi yako, nyuma ya mbuzi."

Mageni alijua baba hatanii. Lakini kwenda darasani mikono mitupu nako kulimtia aibu. Baba alipoingia kuoga, Mageni alichukua simu ya mzee na kutafuta mtandaoni. Akapata sauti ya bibi mmoja akisimulia jinsi sungura alivyoazima ngoma ya kobe. Akaihifadhi, akachora picha tatu nzuri, na kesho yake akakabidhi kazi. Juu aliandika: Msimulizi ni Bibi Sikujua, mama yake baba.

Jumatano, Madam Loveness aliunganisha kishikwambi na spika. Babu yake Boaz alisimulia, nyuma yake karasha likinguruma. Mama yake Apolonia alisimulia, karasha likinguruma. Ikafika zamu ya Mageni. Sauti ilitoka safi, kimya kabisa nyuma yake.

Boaz aligeuka. "Mageni, si ninyi mnaolala na karasha mgongoni? Siku hiyo lilipewa likizo?"

Darasa likaangua kicheko.

"Bibi alikuwa ndani," Mageni alijibu.

"Hata sisi tuko ndani! Halafu bibi gani wa Katoro anaongea kama mtangazaji wa redio?"

"Boaz, kaa chini," Madam alisema, lakini yeye mwenyewe alimtazama Mageni kwa muda mrefu. Kisha akasoma swali lililotumwa na Shadya wa Kambarage: "Tunaomba bibi atuambie, kwa nini kobe hakudai ngoma yake?"

"Kamuulize, Mageni," Madam aliongeza. "Kesho utuletee jibu lake."

Bibi Sikujua alifariki kabla Mageni hajazaliwa. Wakati wa mapumziko, Mageni alimfuata Madam ofisini, akasema yote huku akifuta machozi kwa kola.

"Umefanya vizuri kusema," Madam alijibu. "Sasa baba yako aje."

Mageni aliwaona mbuzi wa Ushirombo wakimsubiri.

Kesho yake Bujiku alifika akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Alikataa kiti.

"Shikamoo, mzee," Madam alisema.

"Marahaba." Alipokwisha kuelezwa yote, aliuliza, "Mnataka nini na sauti zetu?"

Madam hakubishana. Alimpa kishikwambi mkononi. "Uliza lolote, mzee."

"Nani anafungua hapa?"

"Madarasa mawili, kwa namba ya siri."

"Mimi nikitaka itoke?"

"Ukisema leo, inatoka leo."

"Niandikie. Weka sahihi. Na mhuri."

Madam aliandika. Bujiku, aliyeishia darasa la tatu, aliifuata mistari kwa kidole, kisha akampa Mageni aisome kwa sauti. "Hakuna maandishi madogo huko chini?"

"Hakuna, baba."

Akakunja karatasi, akaitia mfukoni. "Kumbe huyo bibi wa bandia ndiye aliyekula bando langu. Ushirombo huendi. Ila vumbi la nyumba nzima, ndani na nje, utafuta peke yako mwezi mzima."

Jumamosi, Bujiku alikaa mlangoni akimenya karanga, kama marehemu mkewe Esta alivyozoea, na kusimulia hadithi aliyoipenda Esta: ya msichana aliyesalimia wageni kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika mlango. Mageni alishika simu.

"Baba, tungoje karasha linyamaze?"

"Liache. Wajue tunaishi wapi."

Alipomaliza, alikung'uta maganda ya karanga. "Sikiliza, ng'wana wane, mwanangu. Mimi nilishuku bila kuuliza, nalo ni kosa. Lakini lako ni kubwa zaidi. Ulichukua sauti ya mtu ukaiita ya mama yangu. Nilipokukatalia, ungesema tu shuleni kwamba baba amekataa. Hakuna aibu hapo. Na hao wakubwa uwaulize mbele yao, waandike, nawe usome. Ndiyo maana nakupeleka shule."

Jumatatu Mageni alikabidhi sauti hiyo, na swali la Shadya likafika: "Huo mngurumo nyuma ya baba ni nini?"

Mageni alilijibu mwenyewe, bila kumuuliza mtu.