Gauni Tulimvalisha Sisi

"Huyo unayemwonea aibu ni nani?"

Fundi alikuwa nyuma ya friji la shemeji yake mtarajiwa, kichwa ndani, bisibisi mdomoni. Simu yake aliiacha mezani, na simu zenyewe hazina adabu: ujumbe ukiingia zinajianika. Mchumba wake alikuwa ameketi hapo hapo na rundo la kurasa za kusahihisha. Hakupekua. Macho tu yaliteleza, na yakishateleza yamesoma.

*Leo amekula vizuri. Asubuhi aliniuliza kama unamwonea aibu. Njoo kesho, nguo zake nimeshafua.*

Fundi alitoa bisibisi mdomoni. Akaifuta, akaifuta tena, kana kwamba ndiyo iliyoulizwa.

"Nipe siku mbili nitakwambia," alisema.

Heri angedanganya. Mtu akikuomba siku mbili amekiri tayari, kilichobaki ni jina. Binti alimwambia afunge friji aende, na dada mtu alipotoka jikoni kuuliza kulikoni, alijibiwa kwamba kadi za harusi zisigawiwe kwanza.

Usiku ule usingizi haukumjia, akashika kurasa. Binti huyu ni msahihishaji kiwandani kwa mchapaji, wanamwita Kalamu Nyekundu, na wiki hiyo alipewa riwaya ya kusisimua ya zamani inayochapwa upya. Aliwahi kuisoma akiwa shuleni, wakipokezana darasa zima mpaka jalada likang'oka. Bwana mmoja mpole, mwenye sauti ya asali, kila jioni anapeleka chakula kwa mtu aliyemficha katika nyumba ya pili. Mwisho bwana huyo anamuua mkewe.

Mara ya kwanza alimpenda yule bwana hadi ukurasa wa mwisho. Sasa alishajua mwisho, basi kila wema ulimnukia sumu. Bwana anamfunika mkewe shuka: ala, muuaji. Bwana anamchemshia maji: muuaji. Akainua macho ukutani akamkumbuka fundi wake, ambaye hajawahi kumpandishia sauti hata mara moja. Mwanaume gani hapandishi sauti? Alikaa, akasimama, akanywa maji asiyoyataka, akarudi kukaa.

Asubuhi aliingia kiwandani macho mekundu na kosa mkononi. Alikwenda moja kwa moja kwa mpangaji kurasa, mzee mpenda mikato mpaka akapewa jina la Mzee Koma.

"Hapa kuna kosa kubwa," alimwambia. "Mwanzo wote aliyefichwa ni hawara wa bwana, mwisho anakuwa kaka yake. Mwandishi alisahau."

Mzee Koma hakuinua hata kichwa. Alimwomba amwonyeshe mstari unaosema hawara, au mwanamke, au bibi, lolote tu. Kalamu Nyekundu alifunua. Akafunua tena, haraka zaidi. *Yeye* alikuwa dirishani. *Mgeni* alikataa chakula. *Mtu wake* alilia. Gauni halikuwepo popote.

"Lakini mimi nilimwona," alisema. "Na hereni alikuwa nazo."

"Sote tulimwona. Mwandishi kasema 'yeye' tu, mama. Gauni tulimvalisha sisi."

Aliketi juu ya bunda la karatasi. *Amekula. Aliniuliza. Nguo zake.* Ule ujumbe alikuwa ameusoma yeye, yeye anayelipwa kwa kusoma, akauongezea kanga na manukato. Alitoka nje, kelele za mashine zikimfuata, akapiga simu.

"Sitaki siku zako mbili. Nipeleke kwake sasa hivi."

Fundi akasema, "Haya."

Jirani anayemtunza, mwenye ule ujumbe, aliwafungulia. Kilikuwa chumba kimoja cha uani, kitanda, dirisha dogo, harufu ya dawa ya kuchua. Mzee mwembamba alikuwa akikunja taulo kwa mkono mmoja, wa pili umelala ubavuni. Alipogeuka, Kalamu Nyekundu aliona paji lile lile, masikio yale yale yaliyochomoza.

"Huyu ni baba yangu," fundi alisema.

"Baba yako amekufa."

"Nilimuua mimi. Kwa mdomo."

Sasa hasira ilibadili sura. Siku ya posa, mbele ya ukoo mzima, baba yake binti alimwombea huyu marehemu; watu walisimama, shangazi akafuta machozi. Alimkumbusha hayo yote, kwa sauti ya chini, na fundi akayapokea bila kujitetea. Kisha akasema kwamba baba huyu alikuwa akimpiga mama yake. Kiharusi kilipomwangusha, mama alimruhusu mwanawe amtunze, ila akasema yeye mwenyewe hataki kumwona tena.

"Na siku ya kwanza tulipotoka, wewe ulisema mtoto wa mwanaume anayepiga mke humtaki, hata aje na mbawa. Jioni ile ile nikamzika."

Kweli alisema. Alikuwa akimsengenya binamu yake, wakacheka wote wawili.

"Ni kweli aliyokwambia," mzee alisema, ulimi mzito. "Nilikuwa hivyo."

Kalamu Nyekundu alimgeukia fundi.

"Hujawahi kunipandishia sauti. Ndivyo ulivyo, au unajizuia?"

"Najizuia. Kila siku. Naogopa siku nitakayochoka."

Hapo machozi yalimtoka, kwa kuwa hilo lilikuwa jibu la kwanza lisilo na asali. Alimpenda, na alimwogopa kidogo, akamwambia yote mawili. Akamwambia pia kwamba siku akiona amechoka aseme, asiende kujificha nyuma ya friji la mtu. Kisha akapiga simu kwa baba yake, akaweka sauti ya nje, akamkabidhi.

"Baba mkwe," fundi alianza, "siku ya posa nilikudanganya. Baba yangu yuko hai." Akaeleza yote, na mkono wa mama yake uliovunjwa akautaja.

Upande wa pili baba mtu alimpita fundi, akamtafuta binti yake.

"Binti yangu yupo hapo? Bado unamtaka?"

"Namtaka, Baba. Ila harusini meza kuu atakaa mama yake. Huyu mzee akae nyuma."

"Sawa. Basi posa ile haipo. Waje upya, baba na mwana, wabishe hodi kama watu. Na mara hii mimi sisimami. Nilimsimamia mtu aliye hai, magoti yakaniuma wiki nzima."

Simu ikakatwa. Mzee aliuliza kama amesikia sawasawa.

"Amesema uje ubishe hodi," Kalamu Nyekundu alimjibu.

Mzee aliweka taulo kitandani. Akauliza shati lake la mikono mirefu liko wapi.