Ukingo wa Mlangoni

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, Laker alikuwa na kazi tatu: kuchota maji kwenye bomba la kambi, kumwogesha mdogo wake Ocaya, na kufuta vumbi kwenye sanduku la bati lililokaa chini ya kitanda cha wazazi. Hiyo ya tatu aliichukia kwa sababu hakuona maana yake. Ndani ya sanduku mlikuwa na sahani kumi na mbili za maua ya buluu ambazo mama yake, Joska, alizawadiwa siku ya harusi. Hazikuwa zimepakuliwa chakula hata siku moja. "Tutazitoa tukipata kwetu," Joska alizoea kusema, na Laker, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alikuwa amelisikia neno hilo mpaka masikio yakachoka.

Kwao hasa kulikuwa wapi? Baba yake, Sajini Okullo, alikuwa mwanajeshi, na mwanajeshi hukaa anakopelekwa. Laker alizaliwa Gulu, akaanza shule Moroto, na sasa walikuwa Kampala, katika chumba kimoja cha kambi ya Mbuya kilichogawanywa kwa pazia. Alikuwa amesoma shule nne. Kila alipopata rafiki wa kuazimana naye vitabu, lori la kuhama lilisimama mlangoni. Mwisho wa mwaka huo Baba angestaafu, na chumba kingerudishwa jeshini. Ndiyo maana tangu Krismasi hapakuzungumzwa jambo jingine nyumbani ila kununua nyumba.

Ilipatikana Bwaise. Dalali aliyeitwa Sulaimani, mtu mcheshi asiyeishiwa maneno, aliwapeleka kuitazama Jumamosi moja ya Februari, jua likiwaka na vumbi likitimka barabarani. Ilikuwa na vyumba vitatu, geti la chuma na rangi mpya ukutani, tena bei yake Baba aliimudu.

"Afande, nyumba kama hii hapa Kampala wewe hapana pata tena," Sulaimani alisema. "Watu wengine wawili nataka. Lakini mimi naweka wewe mbele."

Okullo alikagua paa, akagonga kuta, akaisoma hati ya kiwanja mstari kwa mstari. Joska alikuwa tayari anapima madirisha kwa ajili ya mapazia. Laker aliingia chumba cha nyuma, akaona dirisha linalotazama mpapai, akajua papo hapo kwamba chumba hicho ni chake. Furaha ilimjaa hata akashindwa kusimama mahali pamoja, akatoka nje kuruka ruka.

Huko nje ndiko alikomkuta Annick, msichana wa rika lake, akichambua maharage kwenye kizingiti cha nyumba ya jirani. Wazazi wa Annick walitoka Kongo, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Kilichomshangaza Laker ni kwamba Annick alikuwa ameketi juu ya ukuta mdogo wa matofali uliozuia mlango, wa kimo cha goti. Alipotazama kichochoro chote, aliona kila mlango una ukingo kama huo. Watu waliinua miguu juu kuingia majumbani mwao.

"Hizi ni za nini?" Laker aliuliza.

"Za maji," Annick alijibu. "Mvua ikinyeshaka, mufereji unajaa, maji inakuya mpaka hapa." Alijigusa gotini. "Na ile nyumba munataka kununua ilikuwaka na yake. Baliivunja ile ukuta juma lililopita, bakapaka rangi. Usiseme ni mimi. Mwenye ile nyumba ndiye anatupangisha na siye."

Laker aligeuka kuutazama mlango wa nyumba yao mpya. Kwenye sakafu ya kizingiti palikuwa na mistari miwili ya saruji mbichi, myeupe kuliko saruji nyingine, kutoka nguzo moja hadi nyingine. Ukishajua, huwezi kutoiona.

Angemwambia Baba pale pale, mambo yangekwisha. Lakini alikumbuka dirisha la mpapai, akafunga mdomo. Labda mvua ya mwaka huu itakuwa ndogo, alijiambia. Labda Annick anatia chumvi. Jumatatu aliwasimulia wenzake darasani habari za chumba chake, na kadiri alivyosimulia, ndivyo kusema ukweli kulivyozidi kuwa kugumu.

Jumamosi iliyofuata ndiyo ilikuwa siku ya kutia saini mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Baba alivaa shati lililopigwa pasi. Joska, kwa mara ya kwanza ambayo Laker aliikumbuka, alilivuta sanduku la bati, akalifungua, akaanza kuziosha sahani moja moja huku akiimba kwa sauti ya chini.

"Nitazipanga kwenye kabati la sebuleni," alisema. "Rafu ya chini kabisa, nisipate taabu kuzifikia."

"Usiziweke chini, Mama!"

Neno lilimtoka Laker kabla hajalifikiria. Joska aliacha kuimba. "Kwa nini nisiziweke chini?"

Laker alitazama sahani mikononi mwa mama yake, kisha akaanza kulia. Alisema yote: ukingo uliovunjwa, saruji mbichi, maji ya magotini. Alisema pia kwamba alikuwa anajua tangu wiki iliyopita. Jina la msichana aliyemwambia aliomba asilitaje, kwao wasije wakafukuzwa na mwenye nyumba.

Okullo hakufoka. Alivaa viatu vyake, akafunga kamba. Kisha akasimama. "Jina lake sitaki kulijua. Twende ukanionyeshe."

Kule Bwaise, Sulaimani alikuwa anawangoja na kalamu mfukoni. Okullo alichuchumaa mlangoni, akapitisha kidole juu ya ile mistari miwili. "Hapa palikuwa na nini?"

"Ah, Afande! Ni mapambo tu. Tumetoa mlango ukae vizuri."

"Mapambo ambayo kila jirani anayo," Okullo alisema. "Sawa. Mvua ya kwanza ikinyesha, nitakuja nikae humu ndani saa moja. Sakafu ikibaki kavu, natia saini siku hiyo hiyo."

Tabasamu la Sulaimani lilififia. "Mtu mwingine nakuja leo. Nyumba itaenda."

"Basi mwambie naye aje na mvua."

Walirudi Mbuya bila nyumba. Joska alizifuta sahani, akazirudisha sandukuni, akalisukuma chini ya kitanda. Laker alijiona amewaharibia wote. Siku kadhaa Ocaya alimuuliza watahama lini.

Mvua ya kwanza ilipiga katikati ya Machi, mchana kutwa. Jioni Okullo aliingia akitoka Bwaise, akavua suruali yake na kuianika kwenye kamba. Ilikuwa imelowa kuanzia chini hadi magotini, mstari umenyooka kana kwamba umepigwa kwa rula. Joska aliutazama ule mstari, kisha akamvuta Laker akamkumbatia.

Nyumba waliyonunua ilikuwa Kisugu, mteremkoni. Vyumba vyake vilikuwa viwili tu, kuta hazina plasta, na mpapai haukuwapo. Waliikagua Aprili mvua ikimwagika, wote wanne wakiwa peku ndani, wakitazama sakafu. Maji yalipita nje kwenye mfereji, yakateremka zake. Sakafu ilibaki kavu.

Siku ya kuhamia, Joska alitandika mkeka, akapakua wali na maharage kwenye sahani za maua ya buluu. Ocaya alikula kwa uangalifu kama mtu aliyeshika yai. Okullo alipomaliza, akamgeukia binti yake.

"Laker, uliponyamaza wiki nzima ulikosea, na hilo nakwambia wazi. Ungenyamaza siku moja zaidi, jasho langu la miaka ishirini lingekuwa ndani ya maji. Kusema ukweli usiokugharimu kitu ni rahisi, kila mtu anaweza. Wewe ulisema ukweli uliokunyima chumba chako. Huo ndio ninaotaka uuzoee, lakini siku nyingine uniambie mapema."

"Nimesikia, Baba."

"Haya, mwongeze mama yako maharage."

Walipomaliza kula, Laker aliosha sahani zote kumi na mbili, hata zile ambazo hazikutumika, akazipanga kwenye kabati, rafu ya chini kabisa.