Siku Kama ya Leo, Miaka Mitatu Nyuma

Luzviminda alirudi kutoka kazini jioni, miguu imevimba. Kutwa nzima alikuwa akiwanyanyua wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, hapo Wrexham, Wales, nchini Uingereza. Alimkuta mumewe, Gethin, amefungua fomu ya uraia kwenye kompyuta.

"Bonyeza tumalize, mke wangu. Umeolewa na raia. Nchi ni yako tangu uliponikubali."

"Ingekuwa hivyo ningekukubali haraka zaidi," alijibu Luzviminda, akajitupa kitini. Miaka mitano ya viza na mitihani ilikuwa imemchosha kuliko wale wazee. Kibali cha kuishi bila kikomo alikuwa amekipata mwezi uliopita tu.

Jirani yao Perla, Mfilipino mwenzake, akaingia na bakuli la tambi. Kazi yake ni kushauri watu mambo ya uhamiaji, naye ana leseni.

"Shemeji, toa kidole hapo!" alifoka. "Ndoa haitoi uraia. Inafupisha njia tu. Wengine hungoja miaka mitano, na mwaka mzima baada ya kibali. Mke wa raia, mitatu yatosha, na kibali cha juzi chatosha. Lakini mdogo wangu, siku kama ya leo, miaka mitatu nyuma, ulikuwa wapi?"

Luzviminda alihesabu kwa vidole.

"Nyumbani Ufilipino, Iloilo. Tulikuwa tumemzika mama. Nilikaa mpaka arobaini."

"Ukarudi lini?"

"Tarehe kumi na tisa Aprili."

Siku hiyo ilikuwa tarehe mbili Aprili.

"Basi wangekukatalia."

"Kwa kumzika mama yangu?"

"Si kwa mazishi. Safari zinaruhusiwa, mradi siku za nje zisizidi mia mbili na sabini katika miaka mitatu, wala tisini katika mwaka wa mwisho. Ila ile siku ya kwanza ya hesabu, lazima uwe umo nchini. Ngojeni tarehe kumi na tisa ipite."

"Na mimi nilikuwa nabonyeza!" alisema Gethin.

"Wewe bonyeza rimoti tu, shemeji."

Luzviminda alicheka, machozi yakimlenga. Wakangoja. Tarehe ishirini Aprili alituma fomu mwenyewe.

Miezi ikapita. Jibu likaja: amekubaliwa. Siku ya kiapo alivaa koti juu ya sare ya kazi, maana zamu ilikuwa inamngoja. Aliapa, akapewa cheti, akakishika kwa mikono miwili.

"Karatasi zimekwisha sasa?" Luzviminda alimnong'oneza Perla, aliyesimama kando yake.

"Bado fomu ya pasipoti."

"Kesho," alisema Luzviminda, raia mpya. "Leo acha nikae kidogo kabla ya zamu."