Aliyeandika kwa Kidole cha Baba

Programu ilikubali kujengeka siku ambayo Bisibisi hakuwa amerekebisha chochote.

Tangu asubuhi alikuwa ameketi kando ya kitanda cha baba yake, kompyuta mapajani, akipigana na hitilafu ileile. Alikuwa amechukua programu ya kuandikia ya bure, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuifungua na kuibadilisha ndani, akaikatakata na kuishona upya ili mtu mwenye kidole kimoja tu kinachosogea aweze kuandika. Herufi zingepita kwenye kioo kwa zamu, moja moja. Ile anayoitaka ikiwaka, mgonjwa anabonyeza kitufe. Akaongeza na msaidizi wa maneno, sehemu inayokisia neno kabla halijaisha na kulimalizia, ili kidole kisichoke. Kuwaza kulikuwa rahisi. Lakini kila alipoiagiza mashine iunganishe vipande viwe programu moja, ilifika katikati ikagoma: kuna kipande hakionekani. Na kipo! Anakiona kwa macho yake. Alikifuta akakirudisha, akabadilisha toleo, akasafisha kila kitu na kuanza upya, na mashine ikamjibu vilevile, kama karani aliyeshiba.

Baba alikuwa akimtazama. Alikuwa dereva wa lori, mtu wa maneno, ambaye wenzake walimwita Honi kwa sababu alisikika kabla hajaonekana. Yeye ndiye aliyempa binti yake jina la Bisibisi, kwa kufungua kila redio iliyoingia nyumbani. Kisha kiharusi kikamwangusha, kikamwachia macho, kope na kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Kukonyeza mara moja ilikuwa ndiyo, mara mbili hapana. Hivyo ndivyo mama alivyomlisha, akamgeuza na kumwogesha, na hivyo ndivyo walivyoishi. Lakini mzaha haukonyezwi, na nyumba ilikuwa imekufa ganzi.

Bisibisi aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa kibodi.

"Yeyote anayenisikia," alinong'ona, "afungue tu hiki kitu. Baba yangu aseme. Atakachotaka nitampa."

Hakuwa akimwambia mtu. Kama angeinua uso wakati ule angemwona baba yake akikonyeza mara mbili, na tena mara mbili, na tena, haraka kama mtu anayefukuza moshi machoni.

Mashine ilianza kufanya kazi bila kuguswa. Mistari ilipanda kwenye kioo, ikapita pale ilipokuwa inagoma, ikaendelea hadi mwisho. Chumbani kukanuka nywele zilizoungua. Bisibisi aliinamia soketi ya ukutani, akainusa, akaigusa. Ilikuwa ya baridi. Akaachana nayo. Alikuwa na hamu kupita kiasi.

Aliweka kitufe chini ya kidole cha baba. Herufi zikaanza kupita.

NINA KIU.

"Mama!" alipiga kelele. "Mama, njoo! Baba amesema!"

Mama alikuja mbio kutoka jikoni na mwiko mkononi. Aliposoma alikaa sakafuni palepale akilia na kucheka. Walimpa maji kwa kijiko. Kioo kikaandika: ASANTE MWANANGU. ASANTE MKE WANGU. Siku ile hakuna aliyeyaangalia macho ya baba, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu augue hapakuwa na haja ya kuyaangalia.

Maombi ya mwanzo yalikuwa madogo. Mto uinuliwe. Dirisha lifungwe. Pazia lishushwe, mwanga unamchoma. Kisha: YULE MNYOOSHA VIUNGO ASIJE TENA. Mama akampigia simu yule kijana, akamwambia asije. Kisha: BINTI ASIKAE HUMU NIKIANDIKA. Bisibisi alicheka, akidhani ndio mzaha wa baba umeanza kurudi, lakini mama hakucheka. Alimshika mkono akamtoa nje kwa upole.

"Mwache mume wangu aongee na mimi," alisema. "Nimemkosa muda mrefu, mwanangu."

Kutoka sebuleni Bisibisi alisikia kitufe kikibonyezwa. Ta. Ta. Ta. Kisha tatata, kisha mfululizo usiopumua, kama mvua ya mawe juu ya bati, na akajua, kabla hajataka kujua, kwamba hakuna kidole kilichopooza duniani kinachoweza kwenda kwa kasi ile.

Alifungua mlango taratibu. Chumba kilikuwa na giza la mapazia na harufu ile ya nywele. Mama alikuwa ameinama, akifunga kitambaa cheusi machoni pa baba.

"Mama, unafanya nini?"

"Ameomba mwenyewe. Soma."

NIFUNGENI MACHO. SIYAHITAJI TENA.

Kitambaa kilikuwa kimelowa. Bisibisi alimsogeza mama yake, akakifungua, na macho aliyoyakuta chini yake yalikuwa mekundu, yametoka pima, yakimng'ang'ania kama mtu anayezama anavyomng'ang'ania aliye ufukweni. Alikichukua kitufe kutoka chini ya kidole, akakiweka juu ya kabati, mbali na kila mtu.

Herufi ziliendelea kuandikwa.

NIRUDISHIE.

"Baba," alisema, "ni wewe unayeandika?"

Kope zilifumba mara mbili.

"Umeona, mama? Amesema hapana!"

"Amechoka macho," mama alisema. "Unataka kuninyang'anya mume wangu mara ya pili? Nenda zako. Toka!"

Bisibisi hakutoka. Alifanya kile anachokijua. Alichomoa kibodi, akaleta nyingine. Akaukata mtandao. Akafuta mipangilio yote ya programu, akaianzisha kama mpya, na kioo kikamwandikia UNACHELEWESHA. Akaifungua katika hali ya tahadhari, ambamo programu huwaka bila nyongeza yoyote, na hapo, kwa kitambo cha pumzi chache, ukurasa ulibaki mweupe. Kialama cha kuandikia kilimemeta peke yake. Kisha msaidizi wa maneno akajiwasha mwenyewe, na maneno yakarudi. Basi ndimo alimokaa, huyo, katika kile kipande kilichowekwa kukisia maneno ya baba na kuyamalizia.

Aliifunga programu kabisa. Kioo kikawa cheusi.

Kifua cha baba kikasimama.

Hakukohoa wala kukoroma, kilisimama tu, kama saa. Midomo ikaanza kugeuka rangi, mama akaanza kupiga mayowe, na Bisibisi, baada ya kukosa kitufe mara kadhaa, aliiwasha tena programu huku akisema tafadhali, tafadhali, tafadhali, bila kujua anamwomba nani. Ilipowaka, baba alivuta pumzi.

SASA UMEELEWA, kioo kiliandika.

Mama alisoma. Hakusema tena kwamba ni mumewe.

Mfanyakazi mwenzake alimpa Bisibisi namba ya mtabibu wa mambo ya majini, na mtabibu alifika baada ya chakula cha mchana, mwanamke wa makamo mwenye mwavuli na mkoba wa mkononi, kama mtu aliyekuja kupima shinikizo la damu. Alisimama mlangoni, akanusa, akasita. Walizungumza sebuleni, kwa sauti za chini, vichwa vikikaribia kugongana.

"Nani alimwita huyu aliyemo?" mtabibu aliuliza.

"Hakuna aliyemwita."

"Binti yangu, mimi si polisi. Ulisema nini?"

Bisibisi alimwambia. Machozi yalimtoka kabla hajamaliza.

"Ulitaka baba yako apate sauti, ukaahidi chochote. Yeye ameitaka sauti yenyewe. Akiizoea atahitaji na pumzi, na mwili, na nyumba." Mtabibu alivua miwani, akaifuta. "Mimi nitasoma dua, lakini maneno yangu hayatamtoa. Anayetakiwa kumfukuza ni mwenye sauti. Baba yako amwambie atoke, kwa neno lake mwenyewe."

"Hawezi kusema."

"Si una mashine?"

"Mashine ndiyo imeshikwa. Kila anachoandika, huyo anakigeuza. Ningeweza kukitoa kile kipande alichokalia na kuijenga programu upya, lakini lazima niifunge kwanza. Nikiifunga, baba hapumui."

Chumbani kitufe kililia, ta, ta, ta, kikiwa bado juu ya kabati.

"Kuijenga kunachukua muda gani?" mama aliuliza.

"Mrefu kuliko mtu anavyoweza kubana pumzi."

Mama aliinuka akajifunga khanga kiunoni. "Basi nitampumulia mimi."

"Hapana," mtabibu alisema upesi. "Nilikuwa nakuja kuwaambia hilo. Huyo akitoka anatafuta mlango wa karibu. Wakati wa kutoka, kila mtu humo ndani afumbe kinywa."

"Na mume wangu afe nimefumba kinywa?"

Bisibisi alikwenda kupiga magoti kando ya kitanda, akamweleza baba yake kila kitu, sikioni, bila kumficha kwamba huenda asiamke. "Nifunge?" aliuliza.

Baba alimtazama kwa muda mrefu. Akakonyeza mara moja.

Mtabibu alibaki mlangoni, macho yamefumba, akisoma dua kwa midomo iliyobanwa. Bisibisi alikirudisha kitufe chini ya kidole, akakifuta kile kipande cha msaidizi mstari kwa mstari, na kioo kikamwandikia juu ya kazi yake, USITHUBUTU, USITHUBUTU, MAMA YAKO ATALIA, mpaka alipoifunga programu na maneno yakakatika.

Kifua kikasimama. Mama alimbana baba pua, akaweka kinywa chake juu ya kinywa cha mumewe, akapuliza. Mistari ya kujengeka ilianza kupanda kioo, polepole kuliko ilivyowahi kupanda, na kila ilipokwama Bisibisi alihisi moyo wake ukikwama nayo, na mama alipuliza, akainuka, akavuta hewa, akapuliza, jasho likimdondoka puani na kuangukia shavu la mumewe, na ukutani kitu kilikwaruza kama kucha zinazotafuta ufa, na balbu iliyokuwa imezimwa ikaanza kuvuma, na harufu ya nywele ikawa nzito hadi macho yakawasha, na katikati ya hayo yote mashine ikagoma. Kipande hakionekani.

"Haikubali!" Bisibisi alilia. "Mama, inagoma palepale!"

Mama hakuweza kujibu. Alipuliza.

Bisibisi alijilazimisha kusoma, si kutazama, kusoma neno kwa neno kama alivyopaswa kufanya tangu siku ya kwanza. Kipande kilichotafutwa kilikuwa cha msaidizi. Mahali fulani, chini kabisa, palikuwa na mstari mmoja uliokuwa bado unamwita kwa jina. Aliushuka ukurasa, akaukuta, akaufuta, akaagiza tena. Mistari ikapanda. Ikapita. Dirisha la programu likafunguka, jeupe, tupu, na herufi zikaanza kupita moja moja.

Lakini kifua hakikunyanyuka chenyewe. Safari hii huyo alikuwa ameng'ang'ania ndani.

"Baba, andika! Sasa!"

Herufi zilipita. Kidole cha baba kilitetemeka, kikabonyeza. T. Zikapita tena, taratibu kama maziko, na mama akipuliza. O. Kitanda kilitikisika, miguu yake ikigonga sakafu. K. Uso wa baba ulikuwa umegeuka rangi ya majivu, na Bisibisi alikuwa anapiga kelele bila kujisikia, hadi herufi zilipozunguka zikarudi mwanzo.

A.

Baba alitoa pumzi moja ndefu, ndefu kupita kifua chochote, na mama alikuwa bado ameinama juu yake. Mama alikohoa mara moja. Akameza. Kisha chumba kikatulia, balbu ikanyamaza, na baba akaanza kuvuta hewa mwenyewe, nyepesi, kama mtoto aliyelala baada ya kulia.

Mtabibu alifumbua macho, akanusa hewa. "Ametoka humu," alisema. Alifungua mapazia, akachukua mwavuli wake, hakukubali hata kukaa. Mama alimsindikiza hadi mlango wa nje, akimshukuru kwa maneno mazuri.

Bisibisi alibaki amelaza kichwa kwenye mkono wa baba yake. Alihisi kidole kikisogea. Aliinua macho kuangalia kioo. Hakukuwa na msaidizi tena, hakuna wa kukisia wala kugeuza. Kila herufi sasa ilikuwa ya baba, na ilimgharimu.

HAJAENDA

"Nani, baba? Ametoka. Wewe mwenyewe umemtoa."

YUKO

Mlango wa chumba ulifunguka nyuma yake, miguu ikaja polepole. Baba hakuwa akikitazama kioo. Alikuwa akitazama juu ya bega la binti yake, na kope zake zilikuwa zikigonga mara mbili, mara mbili, mara mbili.

YUKO KWA MA

Mkono wa mama ulipita kando ya shavu la Bisibisi, baridi kama chuma kilicholala nje. Ulikishika kidole cha baba kwa upole sana, ukakiinua, ukakitoa juu ya kitufe.

"Amechoka," mama alisema. "Tumwache apumzike. Kwa sasa nitamsemea mimi."